Petroli Imekwenda Wapi? Tuifungue Boneti ya Pikapu



Katika milima yetu ya Usambara pikapu ya nyumbani si gari la fahari, ni jembe la pili. Ndiyo inayoshusha kabichi, karoti, viazi na plamu kutoka Mtae, Malindi au Lukozi hadi Lushoto mjini, na kutoka Lushoto kupitia Soni hadi Mombo, ambako mzigo huikuta barabara kuu. Ikipanda hurudi na sukari, mbolea na mabati, na usiku mgonjwa akizidiwa ni hiyo hiyo inayomkimbiza hospitali.

Tunajua pia kwamba pikapu hiyo hiyo huleta maneno ndani ya nyumba. Mama ndiye aliyeuza karoti, ndiye anayehesabu noti na kutoa za petroli. Baba, au kijana aliyeajiriwa, ndiye anayeshika usukani. Mwezi wa tatu petroli ya kiasi fulani ilitosha kwenda Mombo na kurudi. Mwezi wa saba kiasi kile kile hakitoshi. Mama anauliza, "Baba watoto, petroli imekwenda wapi?" Baba anajibu, "Gari linakula siku hizi." Mama ananyamaza, lakini moyoni ameshahesabu: hapa kuna soda za watu, au kuna zaidi ya soda. Nyumba inaingia baridi kwa jambo ambalo hakuna aliyelitazama kwa macho yake.

Hatusemi kwamba hakuna baba anayetumia vibaya fedha za petroli. Wapo. Lakini kabla ya kumhukumu mtu ni haki kuifungua boneti kwanza, maana injini ya zamani iliyopoteza marekebisho yake huiba kidogo kidogo kila siku, na alama za wizi huo zinaonekana wazi kwa yeyote anayejua pa kutazama.

Tunazungumzia pikapu za zamani za petroli zenye kabureta: Hilux na Datsun za miaka ya 1970 na 1980, Peugeot 404 na 504, na Land Rover za wazee wetu. Zinazotumia dizeli hazina plagi za kutoa cheche, na magari ya sasa yenye kompyuta yana utaratibu wake. Wala msiidharau ya kwenu kwa uzee wake. Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, pamoja na mwenzake Chris Rothwell, walishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1966 na tena 1967 kwa Peugeot 404. Gari la namna ile likitunzwa hufanya kazi.

Anzeni kwa kupima, msianze kwa spana. Jazeni tangi hadi shingoni, mwandike namba ya kilomita iliyo kwenye dashibodi, mwende safari yenu ya kawaida na mzigo wa kawaida. Mkirudi jazeni tena kwenye kituo kile kile hadi shingoni. Lita zilizoingia ndizo zilizotumika. Gawanyeni kilomita kwa lita, muandike kwenye daftari. Ni lazima iwe safari ya kwenda na kurudi, kwa kuwa kutoka Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33 za kupanda, na anayepima kupanda peke yake au kushuka peke yake anajidanganya.

Sasa kuna jambo moja la mlimani ambalo fundi wa Tanga au wa Dar es Salaam anaweza asilifikirie. Mama aliyeolewa kutoka pwani akaja Lushoto anajua kwamba maharage ya huku yanachelewa kuiva. Lushoto mjini ni kama mita 1,400 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 95 hivi badala ya 100. Hewa hiyo hiyo nyepesi ndiyo injini inayoivuta. Kila pumzi inayoingia ina upungufu wa karibu sehemu moja katika nane ikilinganishwa na pumzi ya Tanga mjini. Lakini kabureta haijui kwamba imepanda mlima. Inaendelea kumwaga petroli karibu kama ya pwani, na hivyo petroli inakuwa nyingi kuliko hewa. Ni kama utambi wa taa uliopandishwa mno: mwanga haukuongezeka, ila chimni imejaa masizi. Huko Shume, ambako ni juu zaidi, hali huzidi.

Kwa sababu hiyo tunashauri marekebisho ya injini yafanyike huku juu ambako gari linaishi, siyo siku mmeteremka mjini kwa shughuli nyingine.

Siku ya kazi chagueni mahali pa tambarare, ambapo kwetu si pengi. Vuteni breki ya mkono, toeni gia, mwekeze mawe nyuma na mbele ya magurudumu. Mama, funga khanga vizuri, ncha zisining'inie. Kilemba kiwe imara. Pete ya ndoa na bangili zivuliwe na kuwekwa mahali salama, kwani chuma kikigusa betri na spana kwa pamoja huungua mara moja pamoja na kidole. Hakuna atakayekulaumu kwa kuvua pete saa mbili. Watoto wadogo wakae mbali na feni, na injini isiwashwe kamwe ndani ya banda lililofungwa. Moshi wake una sumu isiyo na harufu, ndugu wa ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa.

Vifaa si vingi. Spana ya plagi, bisibisi mbili, msasa laini, mswaki wa zamani, matambara makavu, na fila geji, yaani vile vipande vyembamba vya chuma vilivyoandikwa namba, vya kupimia nafasi ndogo. Fila geji si ghali na hudumu miaka. Kama mnacho kitabu cha gari, namba zake ndizo zifuatwe. Hizi tutakazotaja ni za Toyota nyingi za zamani.

Injini ikiwa baridi, anzeni na plagi. Waya nne zinazoziendea ziandikeni 1 hadi 4 kwa plasta, mkihesabu kutoka upande wa rejeta. Msidharau hatua hii. Katika injini nyingi za silinda nne cheche hupigwa kwa mpangilio wa 1, 3, 4, 2, na waya mbili zikibadilishana gari litapiga kelele kama bunduki au halitawaka kabisa. Waya huvutwa kwa kushika kifuniko chake, si kwa kuuvuta wenyewe. Pangusa vumbi kuizunguka plagi kabla ya kuifungua, lisije likadondokea ndani ya silinda.

Hapa ndipo mama ana macho kuliko mafundi wengi, maana amezoea kusoma jiko. Zipange plagi nne mezani kwa mpangilio wake. Ncha yenye rangi ya chai ya maziwa au ya hudhurungi isiyokolea ni nzuri. Silinda ile inaungua vizuri. Ncha yenye masizi meusi makavu, yanayopaka kidole kama sufuria ya jiko la kuni, inasema petroli ni nyingi au hewa ni kidogo. Huyo ndiye mwizi tuliyekuwa tunamtafuta, na nyumba nyingi za mlimani zitamkuta. Nyeupe iliyounguzwa inasema kinyume chake, kwamba petroli ni kidogo mno au injini inapata joto kupita kiasi, na hilo ni la hatari zaidi ya masizi. Nyeusi yenye majimaji ya oili inasema oili inapenya kuingia silinda. Ikiwa tatu ni nzuri na moja ni mbaya, shida ni ya silinda ile au waya wake, siyo ya gari zima.

Safisha kwa mswaki, sugua ncha kwa msasa kidogo, kisha pima nafasi kwa fila geji: milimita 0.8. Ukitaka kuipunguza gonga mkono wa nje taratibu. Usiguse kamwe ule wa katikati, kauri yake hupasuka. Plagi ambayo ncha yake imeliwa na kuwa mviringo itupwe, na zinunuliwe zote nne pamoja. Wakati wa kurudisha, ianze kwa vidole mpaka iingie raundi kadhaa bila kubanwa, ndipo spana itumike. Vichwa vya injini nyingine ni vya alumini laini, na plagi iliyoingizwa upande huharibu uzi wake. Gharama ya kuutengeneza ni kubwa. Plagi iliyokwisha kutumika ikishagusa chini yatosha kuikaza kama robo ya mzunguko.

Chujio la hewa hufuata. Barabara ya Mtae wakati wa kiangazi mnaijua vumbi lake. Chujio la karatasi likigongwa taratibu na kutazamwa dhidi ya jua, mwanga usipopita hata kidogo, injini hiyo imekuwa ikipumua kupitia blanketi, na petroli inazidi hewa kwa mara ya pili. Lisioshwe kwa maji, linunuliwe jipya. Land Rover nyingi za zamani hazina karatasi bali bakuli la oili: mwaga oili na tope, osha kwa mafuta ya taa, weka oili safi hadi alama yake.

Sasa tunafika kwenye distributa, na hapo tutakaa kidogo. Akina mama wa Magamba mnazijua asubuhi za Juni na Julai, ukungu umelala juu ya miti, gari limelala nje, na stata inazunguka bila kuwaka mpaka familia nzima inaitwa kusukuma. Wengi husema betri. Mara nyingi ni unyevu tu ulioingia chini ya kifuniko cha distributa, na cheche inapotea kwa kufuata maji badala ya kwenda kwenye plagi. Fungua kifuniko, pangusa ndani na nje kwa tambara kavu, tazama kama kuna nyufa nyembamba kama unywele au mistari myeusi. Ikiwepo, kifuniko kibadilishwe. Hakuna gundi ya jambo hilo. Waya za plagi nazo zipanguswe, na zenye mipasuko zibadilishwe.

Chini yake iko rota, na chini ya rota ziko kontakti, vichuma viwili vinavyofunguka na kufungana kila injini inapozunguka. Nyuso zake zikiwa na mashimo, zisawazishwe kwa msasa laini au zibadilishwe. Kisha zipimwe. Zungusha injini polepole kwa spana kwenye nati ya puli ya mbele, swichi ikiwa imezimwa na plagi zikiwa bado nje, ili iwe nyepesi. Tazama mpaka kontakti zifunguke kabisa. Hapo fila geji ya milimita 0.45 ipite kwa kubanwa kidogo tu, kama uzi mnene unavyopita kwenye tundu la sindano. Ikilegea au ikigoma, legeza skrubu inayozishikilia, rekebisha, kaza, kisha pima tena, kwa kuwa kukaza huzisogeza. Paka grisi kidogo sana, ya ukubwa wa punje ya mtama, kwenye kile kinachozisukuma.

Kwa nini kuhangaika na nafasi isiyozidi nusu milimita? Kwa sababu kadiri kontakti zinavyolika, nafasi hupungua, na cheche huanza kuchelewa. Cheche iliyochelewa huunguza petroli wakati pistoni imeshaanza kuondoka. Nguvu inakwenda kwenye bomba la moshi, injini inapata joto, dereva anakanyaga zaidi, na mlima wa Soni unapandwa kwa gia ya kwanza pale palipotosha ya pili. Ndiyo maana kontakti hurekebishwa kwanza na taiming baadaye. Taiming yenyewe tunawashauri mumwachie fundi, lakini simama hapo hapo, na umwambie gari hupanda na mzigo wa gunia ngapi. Aiweke kwa alama za puli, siyo kwa sikio peke yake. Gari likigonga kama kokoto ndani ya debe linapopanda na mzigo kutoka Mombo, ambako hewa ni nzito na jua kali, cheche imewahishwa mno. Mrudishieni airekebishe siku hiyo hiyo, kwa kuwa kugonga huko huvunja pistoni.

Mkiwa na fundi mwombeni pia apime tepeti. Kuna sababu ya karibuni kidogo. Zamani petroli ilitiwa madini ya risasi, ambayo pamoja na ubaya wake yalikuwa yakilinda viti vya valvu katika injini za zamani. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar mwezi Juni 2001 kuiacha petroli hiyo, na kufikia mwanzoni mwa 2006 ilikuwa imeachwa. Sisi akina mama tushukuru, kwa maana risasi ile katika moshi ilidhuru akili za watoto. Lakini injini iliyotengenezwa kwa petroli ya zamani, inayopandishwa mlima kila siku na mzigo, valvu zake za moshi huweza kuzama polepole, na nafasi ya tepeti ikaisha bila kelele yoyote. Tepeti zinazopiga kidogo si mbaya kama zile zilizonyamaza kabisa.

Mwisho ni kabureta, na iwe ya mwisho kweli. Mafundi wengi wa barabarani huanza nayo kwa kuwa skrubu yake iko karibu na mkono. Kwanza hakikisha choki inafunguka yote injini ikipata moto; choki iliyokwama nusu hula petroli kuliko kosa lolote tulilotaja. Injini ikiwa ya moto na ikinguruma gari likiwa limesimama, hali ambayo mafundi huiita sailensa, tafuta skrubu ya mchanganyiko. Izungushe polepole kwenda ndani mpaka injini ianze kuyumba, kisha irudishe nje mpaka ingurume kwa kasi na ulaini zaidi, uishie hapo. Halafu teremsha sailensa kwa skrubu ya pili, ile ya kasi. Huhitaji mashine, weka mkono kwenye bodi usikie mtikisiko.

Skrubu hiyo lakini inatawala gari likiwa limesimama tu. Petroli ya kupandia mlima hupita kwenye jeti iliyo ndani, na fundi anaweza kushauri iwekwe jeti ndogo ya milimani. Hapa tuna maoni yetu. Pikapu isiyotoka kati ya Mtae na Lushoto inaweza kufaidika. Lakini ikiwa yenu hushuka hadi Tanga au Dar es Salaam, kataeni. Huko chini hewa itazidi, petroli itapungua, valvu zitaungua, na mtalipa injini kwa ajili ya kuokoa lita chache.

Betri, feni belti, maji ya rejeta na oili mnavijua, hatutavirudia, ila kifuniko cha rejeta kisifunguliwe ikiwa ya moto. Huku juu maji yaliyoachiwa ghafla huruka mapema kuliko pwani.

Kuna neno la kumwambia dereva. Wapo wanaotafuta kuokoa petroli kwa kuzima injini au kutoa gia kwenye mteremko wa Soni kwenda Mombo. Injini ikizimwa, breki zinazosaidiwa na nguvu ya injini hubaki na mikanyago michache kisha huwa ngumu kama jiwe, na upande mmoja wa barabara ile ni korongo. Gari lishuke kwa gia ile ile ambayo lingepandia. Mama unayelipia petroli una haki ya kulisema hili hata kama hushiki usukani. Na binti yenu naye ashike tochi na fila geji siku ya kazi, asibaki jikoni kwa kudhani haya ni ya kaka zake.

Baada ya wiki moja ya safari za kawaida, toeni plagi tena mzitazame, na mpime petroli kwa njia ile ile ya tangi lililojaa, muandike namba ya pili chini ya ile ya kwanza baba akiwepo. Kama rangi imegeuka kuwa ya chai na kilomita zimeongezeka, mwizi mmemshika. Kama rangi ni nzuri na petroli bado inakwisha, tazameni upepo wa matairi, breki inayoshika bila kukanyagwa, na bomba linalodondosha chini ya tangi. Na kama plagi moja inarudi na oili kila mara, hiyo ni kazi ya kufungua injini, si ya uani. Anzeni kuweka fedha yake kidogo kidogo kila siku ya soko, kabla ya masika.